Kabati la Buluu la Mama Pacha

Nyumba ya Mama Pacha iko mitaa minne kutoka kwetu, hapa hapa Walthamstow, huku kwa Waingereza, katika safu ya nyumba za matofali zilizobanana utadhani zimepanga foleni ya kuonana na daktari. Majirani wake wote wamepaka milango yao rangi ya kijivu, maana siku hizi mtaa ule umeamua kwamba kijivu ndiyo rangi ya watu wenye akili. Mlango wa Mama Pacha ni wa njano, na si njano ya aibu aibu. Ukitoka kona ya sokoni unauona, na mvua ikinyesha unauona zaidi.

Mama Pacha si jina lake, lakini kwetu mwenye watoto huitwa kwa watoto wake, na yeye ana pacha wawili wa miaka mitano, wa kike na wa kiume, nywele nyeupe kama pamba. Mumewe basi ni Baba Pacha. Wote wawili Waswidi. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiwachukua wale watoto shuleni na kukaa nao mpaka saa kumi na mbili jioni, wazazi wanaporudi kutoka kazini. Mie nikitoka shule nilipitia huko, eti kumsaidia. Ukweli, intaneti yao ilikuwa na kasi kuliko yetu na kila mara palikuwa na mkate wa mdalasini.

Mara ya kwanza nilipoingia nilidhani wanahama. Jikoni kulikuwa na viti sita na hapakuwa na viwili vya ukoo mmoja: kimoja chekundu, kimoja cha kijani hafifu, kimoja kama cha shuleni, kimoja kimekatwa miguu kwa ajili ya pacha. Juu ya meza ilining'inia taa ya rangi ya chungwa, kubwa kama sufuria ya pilau ya harusini iliyogeuzwa kichwa chini. Ngazi, kila kidato na rangi yake. Chooni ukutani walibandika karatasi yenye ndege na malimau, kwa hivyo ukikaa unatazamwa na kasuku kumi na saba. Nimewahesabu, nilikuwa na wakati. Mazulia yalifumwa kwa nguo kuukuu, na Baba Pacha aliwahi kunionyesha mstari wa kijivu karibu na mlango akaniambia hapa ni pajama la baba yake. Tangu siku hiyo nikipita hapo naruka.

Na kila kitu kilikuwa kimezeeka kwa furaha. Sijui niseme vipi. Vikombe vimekwaruzika, redio ya mbao inashika stesheni moja tu, lakini ukiingia unahisi mtu amekukumbatia kabla hujasema hodi. Nilikuwa nikicheka sana katika nyumba ile, na sikutaka kutoka.

Mama alikubali kitu kimoja tu: wanavua viatu mlangoni. "Hawa wamelelewa," alisema siku ya kwanza, na akavipanga viatu vya Baba Pacha vizuri, visigino ukutani. Mengine yalimtatiza. Mama ni mtu wa vitu vipya. Kwake kitu kikichubuka kimekushtaki kwa wageni.

Kilichomkosesha usingizi zaidi ni kabati la sebuleni. Lilikuwa refu kuliko Baba Pacha, la mbao, la buluu. Yaani liliwahi kuwa buluu. Milango yake miwili ilichorwa kila mmoja kapu la maua, na rangi ilikuwa imepukutika hata mbao ikaonekana, maua mengine yamebaki nusu, mengine kivuli tu. Ukilipitishia kidole linakuachia vumbi la buluu.

"Mbona hawa hawanunui kabati jengine?" aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

Hapa lazima nieleze kitu. Mama akinisemesha Kiswahili, mie mara nyingi humjibu Kiingereza, na nikiwa na la kuficha ndiyo kabisa. Kwa hivyo yeye anaamini kwamba uongo wangu wote nausema kwa Kiingereza. Nikijibu Kiswahili, hata awe anakuna nazi, huacha akasikiliza. Basi mie utani wangu mkubwa mkubwa nautunzia Kiswahili.

"Mama," nikamwambia, "hujui? Wamefilisika."

"Nani?"

"Mama Pacha na mumewe. Hawana kitu. Vile viti wanaokota. Unaona taa? Ya kuokota. Lile zulia ni nguo za marehemu."

Akasimama katikati ya njia. Mwanamke mwenye gari la mtoto akatuzunguka.

"Na wote wawili wanafanya kazi?"

"Ndiyo hivyo. Maisha."

Nilitarajia anipige kofi la bega, anavyonifanyia siku zote, tucheke tuendelee. Hakunipiga. Usiku ule alipomaliza kusali nilimsikia akiwaombea. Kuna watu wangekiri pale pale. Mie niliuma mto nikacheka.

Halafu Ramadhani ikaingia, na Mama akaanza kuwapelekea futari. Hawafungi, lakini hilo halikumzuia. Tambi za nazi, mkate wa kumimina, sambusa, katlesi, kila jioni bakuli la kifuniko. Mama Pacha alipokea kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na kesho yake bakuli likarudi limejaa mikate ya mdalasini. Waswidi nao, kumbe, hawarudishi chombo kitupu. Mama aliiangalia ile mikate kwa huzuni.

"Unaona," akaniambia. "Hawana, na bado wanatoa."

Wakati huo nilikuwa nimeshajua habari za lile kabati. Jioni moja Mama yuko juu anawaogesha pacha, Mama Pacha alinikuta nalitazama akanieleza, amekaa chini na soksi zake za mistari. Lilikuwa la mama wa bibi yake. Lilichorwa mwaka alioolewa, na fundi aliyekuwa akizunguka mashamba kwa mashamba na brashi zake, akilipwa chakula na pa kulala. Bibi yake alipofariki ndugu waligawana nyumba, msitu na mashua; yeye akasema anataka kabati. Walilileta kwa meli, limefunguliwa vipande, kila kipande kimefungwa blanketi. "Nikilifungua," alisema, "bado lina harufu ya jikoni kwake." Nikaingiza kichwa. Kweli lilikuwa na harufu, kama ya kahawa na sabuni.

Kwa hivyo nilijua. Naandika hili ili nisije nikajidai baadaye kwamba sikujua.

Shule zikafungwa kwa Pasaka, na Mama Pacha na familia yake wakaenda kwao kwa wiki mbili. Walimwachia Mama ufunguo amwagie maua maji. Idi ilikuwa imekaribia, na sisi kabla ya Idi lazima nyumba ipigwe rangi, hata kama ni ukuta mmoja, hata kama ni rafu. Mwaka ule zilikuwa rafu. Mama alinunua kopo kubwa la rangi ya mafuta, ya krimu, inayong'aa hata ukaona meno yako. Rafu zikaisha, rangi ikabaki.

Siku nne kabla ya Idi niliamka mchana, midomo mikavu, na nikakuta ujumbe wa Mama kwenye simu. Picha. Niliiangalia nusu nusu, nikadhani ni rafu yetu. Halafu nikaona, pembeni, farasi wa mbao mwekundu asiye na mkia, anayekaa dirishani kwa Mama Pacha. Chini yake Mama alikuwa ametuma sauti: "Tazama, mashaallah. Nawafanyia na wao Idi."

Sijawahi kukimbia hivyo hata shuleni kwenye mtihani wa kukimbia. Mitaa minne, nimefunga, na kandambili. Nilipofika nilivua kandambili mlangoni. Hata leo sijui kwa nini nilikumbuka.

Alikuwa ametandika magazeti vizuri, amejifunga khanga kiunoni, anaimba kasida kwa sauti ya puani. Mlango wa kushoto wa kabati ulikuwa krimu. Wote. Kapu na maua na fundi wa kuzunguka mashambani, vyote chini ya krimu, unang'aa kama friji. Brashi ilikuwa inaelekea mlango wa pili.

"Umekuja kunisaidia?" akasema bila kugeuka. "Kamata ule msasa."

"Mama, weka brashi."

"Nimalizie huu kwanza, rangi isije ikakauka."

"Mama, hawajafilisika."

Brashi ikasimama hewani.

"Nilikutania," nikasema. "Vile viti wanavitafuta makusudi. Wanasafiri kuvitafuta. Wanapenda viwe hivyo. Na hili kabati ni la mama wa bibi yake."

Nikamweleza yote, meli na blanketi na harufu. Nilisema haraka, utadhani ukisema haraka kosa linakuwa dogo. Aliweka brashi juu ya kopo polepole. Alijifuta mikono. Nilisubiri anipigie kelele, na kweli nilitamani anipigie kelele.

"Kwa hivyo mwezi mzima nimekuwa nikiwaombea matajiri," alisema.

"Si matajiri sana."

"Na weye ulikuwa ukicheka."

"Mara ya kwanza tu."

"Na mara ya pili?"

Nikainamia magazeti nikayanyoosha, nayo yalikuwa yamenyooka.

Mama alichukua kitambaa akajaribu kufuta pembe moja ya mlango. Krimu ikatoka kidogo, na pamoja nayo ikatoka buluu. Akakitazama kile kitambaa, akakikunja, akaacha. Mie nikaanza kutoa mawazo, maana kichwa changu hakijui kukaa: tuseme bomba limepasuka juu, tuseme ni ukungu, tuseme pacha waliacha kopo la rangi. Mama alikusanya magazeti.

"Wakirudi tutakwenda sote wawili," alisema. "Na utasema weye. Mie nitasimama."

Ile ndiyo Idi mbaya kuliko zote nilizowahi kula. Rafu zilikuwa zinang'aa, biriani lilikuwa biriani, wageni walikuja na kuondoka, na Mama alinisemesha kama anavyowasemesha watu wa baraza la mji: kwa adabu, na kwa sentensi fupi. Sikujua kwamba nilikuwa nikiishi kwa kicheko chake mpaka nilipokikosa. Na nilijua anachowaza, kwa sababu alikuwa akizikunja na kuzikunjua soksi mbili ndogo za pacha zilizobaki kwenye mfuko wake. Alikuwa anawapenda wale watoto. Walikuwa wakimwita Bibi, na yule wa kike alishajua kusema "sitaki" na "bado" kama mtoto wa kwetu Mkunazini.

Walirudi Jumapili. Tulifika saa kumi. Mama Pacha alifungua mlango na uso wake ulikuwa tayari umeshaona.

Nikasema. Nimesimama juu ya pajama la baba wa mtu, nikasema yote, na hakuna hata sehemu moja iliyochekesha. Baba Pacha alikuwa jikoni. Niliposikia mwenyewe nikisema "nilimwambia mama mmefilisika" yeye alicheka ghafla, halafu akamwona mkewe akanyamaza na kuanza kupanga vijiko.

"Kwa sababu ya viti?" Mama Pacha aliniuliza.

"Viti. Na taa. Na hapa niliposimama."

Alikwenda akagusa ule mlango kwa kiganja chote, kama unavyompima mtoto homa.

"Bibi yangu alikuwa akilipangusa kwa kitambaa kikavu tu," alisema. "Hata maji alikuwa hataki yaliguse."

Mama, aliyesema atasimama tu, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Nilitaka liwe zuri kwa ajili yenu. Nisamehe."

Mama Pacha akatikisa kichwa, machozi yako pale pale hayashuki. "Najua," alisema. "Tafadhali, niacheni leo."

Tukavaa viatu. Mama akatoa ufunguo kwenye mkoba, akauweka juu ya meza, taratibu, ili usilie.

Jumatatu hakwenda. Jumanne hakwenda. Saa tisa ikifika, saa ya kuwachukua pacha, alikuwa anaanza kufua. Nilimuuliza kama amefukuzwa akasema, "Mtu akikwambia umwache, unamwacha."

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba, lakini Mama Pacha alipofungua nilisema tu, "Nina mikono."

Alinitazama. Halafu akanipa aproni.

Alikuwa ameshamuuliza mtu anayejua samani za zamani. Krimu inaweza kutolewa, lakini si kwa pupa: unapaka dawa kidogo kwa pamba, unangoja, unakwangua kwa kijiti cha mbao, sehemu ya ukubwa wa stempu, halafu sehemu nyingine. Na baadhi ya maua yatakwenda nayo. Tulikaa chini bega kwa bega, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya dawa. Jumamosi ya kwanza tulipata jani moja. Jumamosi ya pili, mshikio wa kapu na nusu ya ua jekundu. Nusu nyingine ilitoka na pamba, nikakaa nayo mkononi sijui niiweke wapi. Mama Pacha akaleta kisahani. Akaweka ile pamba pale, akachukua kijiti chake.

Baadaye aliniuliza kwa nini mama yangu alichagua rangi. Kama aliwaonea huruma, mbona hakuishia kwenye futari?

"Futari hupewa jirani yeyote," nikasema. "Rangi ni kwa mtu unayemheshimu. Hatupaki nyumba ya mtu kwa sababu ni masikini. Tunapaka ili sikukuu isimkute na aibu."

Alichovya pamba nyingine kwenye dawa.

"Watoto wanamuulizia mama yako kila siku," alisema. "Niliona ufunguo mezani. Nikajua hataki tena kutuona."

"Yeye anadhani mmemfukuza."

"Mimi?" Kijiti kikasimama. "Nilisema leo. Nilihitaji ile siku moja."

Nilimweleza Mama jioni ile. Alikuwa anakunja nguo. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza, ili asipate pa kunishikia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya," na akaendelea kukunja. Nikadhani nimeshindwa.

Jumamosi iliyofuata nililala nikapitiliza. Nilipofika mlango wa njano ilishapita saa tano. Mlangoni palikuwa na viatu vya Mama. Sebuleni alikuwa amekaa chini juu ya magazeti, miguu ameinyoosha, pacha mmoja amelala kichwa pajani kwake na mwingine anamsuka ncha ya mtandio. Mkononi ana kijiti. Mama Pacha yuko upande wa pili wa mlango wa kabati na kijiti chake, na walikuwa wanabishana.

"Usibonyeze hivyo," Mama alikuwa akisema. "Unakuna kama unakuna nazi. Hivi, tazama, pole pole."

"Nilifanya hivyo jana haikutoka."

"Kwa sababu hukungoja. Dawa inataka ingojewe."

Mama Pacha akangoja. Mama akakwangua, na chini ya krimu likatokea jicho dogo la manjano, katikati ya ua. Wote wawili wakaliinamia.

"Nikwambie kweli?" Mama akasema. "Mie hili kabati silipendi. Hata lingekuwa zima silipendi. Nyumbani kwangu lisingeingia."

Baba Pacha aliyekuwa anapita na chai akaamua kutopita.

Mama Pacha aliweka kijiti chini, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaacha mstari wa buluu shavuni. "Mama yangu pia," alisema alipopata sauti. "Mama yangu amelichukia maisha yake yote. Ndiyo maana nikapewa mimi."

"Mama yako mtu wa maana," Mama akasema. "Nitapenda kumjua."

Kisha akanyanyua macho akaniona nimesimama mlangoni kama mgeni, na soksi zangu, sijui pa kukaa. Aliniangalia kidogo. Sikuweza kusoma ule uso.

"Sogea huko," alisema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea. Akagonga gazeti pembeni yake mara mbili, nikakaa.